Daftari la Samaki Waliokufa

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimeua samaki saba kabla ya saa nne asubuhi.

Niandike nilivyofanya, maana ndiyo kazi ya daftari hili. Halima, mwenye duka, aliniachia tanki jipya la kioo akaniambia nilijaze maji ya chumvi wakati yeye amekwenda kupokea samaki wa baharini waliotoka Mombasa. Mimi nikafikiri sana, na hapo ndipo nilipokosea. Maji ya kisima chetu hapa Machakos yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Nikajiambia, si ndiyo hayo hayo? Nikajaza. Samaki walipoletwa nikawatia moja kwa moja. Walizunguka mara mbili, wakalala ubavu, wakaanza kuhema midomo wazi. Maundu, mwenzangu kazini, alisimama pale akila andazi. "Ndila, hawa umewapikia supu," akasema.

Halima hakupiga kelele. Wazee wake walitoka Malindi. Yeye amezaliwa hapa mjini, nyuma ya msikiti, lakini ulimi wake bado ni wa pwani. "Chumvi ya kisima si chumvi ya bahari, mwanangu," alisema. "Bahari ina chumvi, ina mengine mengi, na vyote vina kipimo chake. Umewazamisha samaki."

Kisha akanirushia daftari hili. Amelipigia mistari: tarehe, aliyekufa, sababu. "Kila anayekufa, andika sababu yake ya kweli. Usiniandikie bahati mbaya. Samaki hafi kwa bahati mbaya. Nitalisoma kila Jumamosi mpaka mvua ziishe."

Duka letu huuza vifaranga, sungura, chakula cha mbwa na samaki wa maji baridi. Lakini watu wa nyumba mpya huko Lukenya na Konza siku hizi wanataka bahari sebuleni, na Desemba Halima anafungua duka la pili Syokimau. Mmoja wetu, mimi au Maundu, ataliendesha na kukaa chumba cha juu. Atachaguliwa atakayejua maji ya chumvi. Nakitaka chumba kile. Nimekiona: kina mlango mmoja na ufunguo mmoja. Mume wangu Muindi hajui, na hana haja ya kujua bado.

Aliyekufa: saba. Sababu: Ndila.

Jumanne, 14 Oktoba

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyebaki.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimejifunza kuchanganya bahari. Maji ya chujio kwenye ndoo isiyowahi kuguswa na sabuni, chumvi ya baharini ya paketi, pampu ya kuyakoroga, halafu unaiacha mpaka kesho yake. Unapima kwa kipima chumvi mpaka kisome 1.025. Kamwe humwagi chumvi kavu palipo na samaki, itawachoma. Na maji yakipungua kwa jua unaongeza maji baridi matupu, maana yanayopaa ni maji, chumvi inabaki chini. Maundu alibisha kwa nusu saa nzima. Mimi nimepika githeri miaka kumi, najua maji yakikauka chumvi inazidi, sikuhitaji kubishana.

Tanki nililoulia litakaa wiki nne na mawe tu, liive, yaani viote kwanza vijidudu vinavyosafisha maji. Tunafanyia kazi lile kubwa la chumvi la Halima, lililoanzishwa Juni.

Muindi alininusa mikono jioni akasema nanuka omena. Nikacheka. Hakuwa anatania.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Muindi anaendesha lori la mawe Lukenya, na leo lori halikutoka, kwa hiyo alishinda nyumbani. Alinipiga kwa mkanda kwa sababu nilikwenda kulisha samaki asubuhi na kurudi saa tano. Mgongoni na nyuma ya mapaja. Binti yetu Mwikali, ana miaka mitano, alikwenda mwenyewe kukaa nyuma ya mlango. Hakuna aliyemfundisha. Hilo liliniuma kuliko mkanda.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kikande ameua. Ni samaki wa rangi nzuri na meno ya kuvunja kaa, na amekaa tanki kubwa tangu mwanzo. Jana tulitia visamaki vitatu vya buluu. Leo cha kwanza kimekufa, hakina mkia; cha pili hakina macho, na bado kilikuwa kinaogelea na kugonga kioo. Cha tatu kimejibana nyuma ya pampu. Nilimtoa yule kipofu kwa wavu, nikamwua kwa jiwe uani ili asiteseke.

Halima akanionyesha dawa ya mbabe. Unamtoa yeye, si anayepigwa. Unamweka peke yake wiki mbili. Unahamisha mawe yote, pasibaki pango analolijua. Wageni wanazoea kwanza, halafu yeye anarudishwa wa mwisho, na anajikuta yeye ndiye mgeni. "Maji ya kifuu, bahari ya chungu," alisema. "Tanki hili kwake ndiyo dunia nzima. Amelikalia, akaona ni lake."

Nilicheka kwa uchungu nikihamisha mawe. Nani atanitolea Muindi kwa wavu?

Aliyekufa: wawili. Sababu: kikande, na sisi tuliotangulia kumtia yeye.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Mji mzima umenuka vumbi. Maundu akakinga ndoo sita chini ya mabati mapya akisema Mungu ameleta maji ya chujio ya bure. Halima alizimwaga zote mtaroni. Maji ya kwanza ya mabati yana madini yanayoua. Nimefurahi kwamba safari hii mjinga si mimi.

Jumapili, 2 Novemba

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa bandeji kuanzia kiwiko mpaka vidole.

Asubuhi kabla ya kanisa nilichemsha maji, nikajaza chupa ya chai, nikaiweka mezani. Muindi akauliza kama leo pia nakwenda kwa samaki. Nikamjibu, "Baba Mwikali, samaki hawajui Jumapili." Nakubali nilijibu kwa kiburi; nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikampa mgongo, nikanyoosha mkono wa kushoto kuchukua vikombe. Nilisikia kifuniko kikifunguka. Halafu mkono wangu ukawa si wangu. Sikuweza hata kupiga kelele mara moja, pumzi ilikataa. Ngozi ya juu ilitoka na mkono wa sweta nilipoivua.

Nilipogeuka alikuwa ameshika chupa, macho yamemtoka. "Imeteleza," akasema. "Mama Mwikali, wallai imeteleza."

Aliniosha mwenyewe kwa maji baridi. Alinibeba hadi kwenye bodaboda. Zahanati, muuguzi aliponiuliza, yeye ndiye aliyejibu: chupa iliteleza. Mchungaji alipokuja saa nane akamwambia hivyo hivyo, na wakaomba. Kufikia jioni nimelisikia neno hilo mara kumi, na mwenyewe nimeanza kulitumia.

Sikuona. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nimempa mgongo. Kupigwa nimepigwa, lakini mkanda ni mkanda, na maji ya moto ni kitu kingine. Mtu atammwagiaje maji ya moto mama wa mtoto wake? Labda iliteleza. Namwogopa na bado namtafutia sababu, na ninajichukia kwa yote mawili.

Aliyeumia: mkono wa kushoto. Sababu:

Nimeacha wazi. Halima amekataza bahati mbaya.

Jumatano, 5 Novemba

Nimerudi kazini. Halima alitazama bandeji, akatazama uso wangu, akasema tu, "Mkono huo usiingie tankini. Maji ya chumvi yana vidudu vinavyopenda kidonda." Akanipa kazi ya kupima na kuandika. Maundu aliniletea chai. Niliposikia akifungua kifuniko cha chupa nilirukia upande wa pili wa kaunta, nikaangusha chakula cha kuku. Maundu alicheka, kisha akaacha.

Jumapili, 9 Novemba

Nimempeleka Mwikali kwa mama yangu Tala. Nilimwambia ni kwa sababu siwezi kumwogesha kwa mkono mmoja. Mama aliangalia bandeji.

"Ni nini hii?"

"Chupa iliteleza, mwaitu."

"Chupa huteleza," akasema. Akaendelea kuchambua mboga. Baadaye akaongeza bila kunitazama, "Ya kwangu ilikuwa sufuria. Nayo iliteleza."

Miaka thelathini na mbili nimeliona kovu la mguu wake na sikuwahi kuuliza. Nilikasirika hata nikashindwa kumuaga vizuri. Sijui nilimkasirikia nani.

Jumanne, 11 Novemba

Tanki langu limeiva, karibu wiki nne, vipimo safi. Limepewa mpangaji mmoja tu, maana atakula wengine: samaki simba. Ana mapezi kama kanga iliyotandazwa, na ndani ya mapezi kuna miiba ya sumu. Halima alitukusanya, akawa mkali.

"Huyu hakimbii. Ukimwendea kwa mkono anakugeuzia mgongo na kukungoja. Akikuchoma, utalia kama mtoto, mwanamume wewe. Dawa ya kwanza ni maji ya moto. Si barafu, si mafuta. Maji ya moto unayoweza kuyavumilia, usijiunguze, mkono ukae ndani nusu saa na zaidi, halafu hospitali. Joto linaivunja sumu."

Kwa hiyo kuna chupa ya chai kando ya tanki lile, na kila asubuhi lazima iwe imejazwa maji ya moto. Kazi hiyo amenipa mimi. Nilidhani ni ukatili. Nikaijaza huku jasho linanitoka.

Jumatano, 12 Novemba

Chupa imejazwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Chupa imejazwa. Mvua.

Jumatano, 19 Novemba

Stima ilipotea saa nne asubuhi kwa radi, na jenereta likakataa. Pampu zikisimama, samaki wa baharini wanakosa hewa upesi. Maundu alisema atakwenda kutafuta fundi na hakurudi. Nilichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, tanki hadi tanki, saa tano mfululizo, kwa mkono mmoja. Kikande, yule muuaji, alipanda juu kuhema karibu na jagi langu. Nilimmwagia na yeye. Stima ilirudi saa tisa. Hakuna aliyekufa.

Halima alihesabu samaki wote kwa kidole. "Tarehe kumi na tano Desemba unahamia Syokimau," alisema. "Ni lako." Nililia mbele ya sungura.

Jumamosi, 29 Novemba

Muindi amekuwa mzuri wiki hizi. Ananiletea ndizi kutoka barabarani. Hajanigusa tangu siku ile. Jana alinifungua bandeji mwenyewe, akapuliza ngozi mpya, akasema, "Ona vile inapona. Ile chupa nimeitupa, mama Mwikali. Ilikuwa na mkono mbaya." Nikalala nikiwaza: na kama ni kweli? Nitamwachaje mtu kwa sababu ya chupa yenye mkono mbaya?

Leo nikamwambia Halima pengine sitakwenda Syokimau. Alikuwa analisoma daftari hili. Akafungua ukurasa wa tarehe mbili, akaweka kidole.

"Wale saba uliandika sababu siku ile ile. Hapa mbona pako wazi?"

"Sikuona, mama."

"Basi ngoja mpaka uone," akasema, na akaenda kuswali. Nilimchukia kwa siku nzima.

Ijumaa, 5 Desemba

Hakuna aliyekufa. Maundu anaulizauliza nitabeba vitu vyangu lini, na gari gani.

Alhamisi, 11 Desemba

Muindi hakuongea jana wala leo. Amekaa anapiga kisu cha mboga kwenye ukingo wa meza, taratibu, anaacha alama. Chupa ya chai ile ile iko juu ya kabati, haikutupwa. Nilinyoosha mkono kuchukua sahani nikaiona.

Jumamosi, 13 Desemba

Imetokea leo, na naandika yote kabla sijasahau mpangilio wake.

Saa tisa na nusu, mvua kubwa, hakuna mteja. Halima alikuwa chumba cha nyuma akiswali. Muindi aliingia amelowa. Hakusalimia. "Syokimau," akasema, akanipiga kofi lililonitupa kwenye mafurushi ya chakula cha mbwa. Nikainuka, akanipiga ngumi mdomoni. Jino limelegea hadi sasa. Maundu alisimama na ufagio wake. "Maundu, nisaidie!" nikalia. Akasema, "Mimi nilimwambia tu, Ndila. Bwana ako na haki ya kujua." Kwa hiyo ni yeye. Yule aliyeniletea chai.

Muindi akanivuta kwa nywele hadi kwenye tanki langu. "Hivi ndio vitu vinakuchukua kwangu? Hivi?" Akapiga kioo kwa ngumi, hakikuvunjika. Akang'oa kifuniko. Samaki simba alikuwa katikati, amefungua mapezi yake yote.

Nilisema, "Usiguse huyo." Naapa nilisema. Nilisema mara mbili.

"Utaniambia nini nisiguse?" Akatumbukiza mkono mpaka begani, kumkamata amtupe chini. Samaki hakukimbia. Aligeuza mgongo akangoja, kama Halima alivyosema. Muindi akafumbata.

Sijawahi kusikia mwanamume akilia hivyo. Aliuchomoa mkono, akaanguka sakafuni, akaanza kujipigapiga kwenye kaunta kana kwamba anataka kuukata. Ulivimba tukiutazama.

Mimi nikafanya nilivyofundishwa. Nilichukua beseni, nikachukua chupa ya chai, nikaja kwake, nikafungua kifuniko. Mvuke ukatoka.

Muindi aliona chupa. Kisha akaanza kurudi nyuma kwa makalio, akisukuma kwa visigino mpaka mgongo ukagonga ukuta, na kwa mkono usiochomwa akajifunika uso.

"Usinimwagie! Ndila, usinimwagie, nisamehe! Maundu, mshike, atanimwagia!"

Nilisimama. Naandika ukweli: nilitaka. Chupa ilikuwa mkononi, imefunguliwa, uso wake uko chini yangu, na hakuna ambaye angenizuia. Ningesema imeteleza. Nilisikia raha ya jambo hilo kinywani pamoja na damu.

Nikamimina kwenye beseni. Nikaongeza maji baridi, nikajaribu kwa mkono wa kulia, ule usio na kovu. Nikauacha ndani, aone. "Ni dawa," nikamwambia. "Tia mkono. Mimi nimeshatia wangu."

"Unaniua."

"Tia mkono, Muindi."

Aliuficha ule uliochomwa kwapani, akilia, akitikisa kichwa. Maumivu yalikuwa yanampindua, na dawa iko hatua moja kutoka kwake, na hakuthubutu. Halima alikuwa amesimama mlangoni na mtandio wake wa kuswalia. Alimwambia, "Ni dawa, baba, ni kweli." Hakumwamini hata yeye. Maji yakapoa. Nikabadilisha, nikatia tena mkono wangu. Safari ya tatu alisimama akishikilia ukuta, akatoka mbio kwenye mvua, mkono kwapani. Maundu akamfuata, akiwa bado na ufagio.

Nilikaa sakafuni kando ya beseni. Wiki sita amewaambia watu wote kwamba iliteleza: muuguzi, mchungaji, mimi, mpaka nikakaribia kuamini. Lakini mtu ambaye chupa ilimteleza haogopi chupa mkononi mwa mke wake. Yeye aliona chupa akajua mara moja kinachofuata, kwa sababu alikuwa amekifanya. Ameniungamia bila kuulizwa. Sikuona tarehe mbili, lakini leo nimeona.

Jumapili, 14 Desemba

Maundu alileta habari asubuhi, akisimama nje ya mlango maana Halima hamruhusu kuingia tena. Muindi yuko hai, mkono una vidonda. Hospitali muuguzi asiyemjua hata jina aliagiza beseni la maji ya moto, na akatia mkono bila neno.

Kesho kabla ya Syokimau, Halima ananipeleka polisi na kwa daktari, nijaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha. Mama amepiga simu. Anakuja kunitolea ushahidi, na amesema atavaa gauni fupi ili mguu wake uonekane.

Samaki simba amekula kamba wawili leo. Aliyekufa: hakuna.

Halima analitaka daftari lake, anasema mvua ya jana ndiyo ya mwisho. Kabla ya kulirudisha nimefungua ukurasa wa tarehe mbili Novemba, nikajaza pale palipobaki wazi.

Aliyeumia: mkono wa kushoto. Sababu: Muindi.